Atiman wa Karema: Tabibu Aliyejifunza Kabla ya Kugusa



Mjini Sumbawanga iko hospitali ya Kanisa yenye jina la Dk. Atman. Watu wa Ufipa tumelizoea jina hilo mpaka limekuwa kama jina la mtaa: mgonjwa amepelekwa Atman, mama amejifungulia Atman. Lakini ukimuuliza kijana wa leo huyo Atman alikuwa nani, huenda akakujibu kwamba alikuwa Mzungu fulani wa zamani. Hakuwa Mzungu. Alikuwa Mwafrika, mtumwa aliyekombolewa, daktari na katekista. Dominika hii nakuomba tuyatazame maisha yake, kwa sababu yanagusa jambo ambalo kila familia inakutana nalo. Tunapomkabidhi mtu wetu kwa tabibu, tunaomba apone. Tunaomba pia asije akaumizwa na mikono ileile inayomtibu.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na watumwa wengine kuelekea kaskazini. Mwaka 1876, huko Algeria, alinunuliwa tena, lakini safari hii na watu waliotaka awe huru: Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Wakamlea, wakamsomesha, naye akabatizwa.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo ambalo wengi wa wakati wake hawakuwa nalo. Aliona kwamba Afrika itahitaji matabibu walio Waafrika wenyewe, watakaoishi na watu, kula wanachokula watu na kukaa nao hadi uzee. Mwaka 1881 akafungua nyumba katika kisiwa cha Malta, vijana waliokombolewa utumwani wakae hapo na kusomea tiba katika Chuo Kikuu cha Malta. Atiman alikuwa mmoja wao. Alikaa huko hadi mwaka 1888.

Hapa nakuomba usimame kidogo, msomaji wangu. Kwa nini miaka yote hiyo? Kijana alikuwa na moyo mwema, imani hai na afya njema. Angeweza kupewa sanduku la dawa na kutumwa mara moja, maana wagonjwa walikuwa wengi na walikuwa wanakufa. Lakini huruma isiyo na elimu inaweza kuua. Miaka ishirini hivi kabla Atiman hajazaliwa, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aligundua katika hospitali kuu ya Vienna kwamba akina mama waliojifungua walikuwa wakifa kwa homa iliyobebwa na mikono ya madaktari wenyewe. Walikuwa wakitoka kupasua maiti, kisha wanakwenda moja kwa moja kuwahudumia wazazi. Alipowaamuru wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini, vifo vilipungua sana. Hata hivyo wenzake wengi walikasirika. Mtu mwema ni vigumu kukubali kwamba mkono wake umemdhuru mgonjwa. Semmelweis alifariki mwaka 1865 akiwa bado hajasadikiwa.

Basi Atiman alijifunza kwanza, ndipo akatumwa. Mwaka 1888 aliondoka Ulaya, akapitia Unguja na Bagamoyo, akatembea kwa miguu na msafara kupitia Tabora hadi ziwa Tanganyika. Mwanzoni mwa mwaka 1889 alifika Karema. Ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji miaka kumi hivi kabla, na mwaka 1885 walikuwa wameikabidhi kwa wamisionari. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inausumbua mwambao wa ziwa. Ndani ya kuta zile walikimbilia watu waliokuwa wamepitia yaleyale aliyopitia yeye.

Hapo Karema alioa mke, Agnes Wansahira, na mtoto wao Yosefu alikuja kupata daraja ya upadre. Hapo alitibu na kufundisha dini kwa miaka 67. Hesabu mwenyewe: alifika kijana wa miaka ishirini na kitu, akafia hapohapo mwaka 1956, mzee wa miaka tisini hivi. Aliiona bendera ya Mjerumani ikipandishwa na kushushwa, akaiona ya Mwingereza ikipandishwa. Ilibaki miaka mitano tu auone Uhuru. Kanisa na serikali walimpa nishani. Makao ya jimbo la Karema yalihamia Sumbawanga, na tangu mwaka 1969 jimbo likaitwa Sumbawanga. Jina la mzee likapanda nalo kutoka ziwani hadi huku juu kwenye baridi.

Katika maisha haya marefu yako mambo mawili ambayo ningependa wote wanaosimamia usalama wa wagonjwa wayatafakari.

Jambo la kwanza: Atiman hakuacha kujifunza baada ya kupata cheti. Alipofika kwetu alikuta waganga wa mitishamba. Alikuwa na kila sababu ya kuwadharau, yeye msomi wa Malta. Badala yake alijifunza dawa za miti za wenyeji, akachukua zilizofaa na kuziunganisha na elimu aliyokuja nayo. Tabibu anayeuliza wenzake ni salama kuliko tabibu anayejua yote. Tena ukweli ni kwamba mgonjwa wetu mara nyingi amekwisha kunywa dawa ya mizizi kabla hajafika hospitali. Akikuta daktari wa dharau ataficha. Akificha, atapewa dawa nyingine juu ya ile, na hapo madhara yanaweza kuingia bila mtu kujua yametoka wapi.

Jambo la pili linahusu swali tunalouliza mambo yanapoharibika. Wengi hulifafanua jina la Sumbawanga kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Lakini sote tunajua kwamba ukifika msiba wa ghafla, swali la kwanza midomoni mwa watu ni nani. Nani kamroga? Nani kamtazama vibaya? Atiman aliishi miaka 67 katikati ya swali hilo, huku elimu yake ikimtaka aulize lingine: ni nini kilichotokea, na kimetokeaje?

Usidhani kwamba swali la nani linaishi vijijini tu. Limevaa koti jeupe na limeingia hospitalini. Mgonjwa akipewa dawa isiyo yake, mara nyingi tunamtafuta muuguzi wa zamu, tunamkaripia, tunamhamisha, tunarudi kulala. Hatuulizi kwa nini chupa mbili zinazofanana ziliwekwa rafu moja. Hatuulizi kwa nini mtu mmoja alihudumia wodi nzima usiku kucha, wala kwa nini jina halikusomwa upya kitandani. Mwezi ujao anakuja muuguzi mwingine, anazikuta chupa zilezile mahali palepale. Tumemtupa mtu nje na kuuacha uchawi ndani.

Ndiyo maana leo wako watu wanaofundishwa kazi maalumu ya kusimamia vihatarishi katika hospitali. Wanafundishwa kupokea taarifa ya kosa bila kumtisha aliyeitoa, kufuata tukio hatua kwa hatua hadi chanzo chake, na kuziba tundu ili mwingine asitumbukie. Sisemi kwamba mzembe asiwajibike. Anayekuja kazini amelewa, au anayemdai maskini rushwa kabla ya kumgusa, lazima awajibishwe. Lakini aliyekosea akiwa anafanya kazi kwa uaminifu, tukimfanya mchawi, wenzake watajifunza jambo moja tu: kuficha. Na kosa lililofichwa litarudiwa.

Nchi yetu ina ushuhuda wake. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi ya mambo 19 katika vyumba vya upasuaji vya hospitali nane za miji minane duniani, ikiwemo London na Seattle. Mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mambo yenyewe ni madogo. Kumthibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Kila aliyemo chumbani kujitaja jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Kuhesabu vifaa na vitambaa kabla ya mgonjwa kutolewa. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Hakukuwa na mashine mpya wala dawa mpya. Watu walisimama kidogo, wakasemezana.

Na kusemezana ndiko kugumu kwetu. Mfipa aliyelelewa vizuri huchutama na kupiga makofi polepole anapomsalimu mkubwa, na mdogo hamsahihishi mzee mbele za watu. Adabu hiyo ni hazina, tusiipoteze. Lakini ndani ya chumba cha upasuaji, binti wa miaka 23 aliyeona kwamba mguu unaoandaliwa siyo wenye ugonjwa lazima aweze kusema, tena kwa sauti. Mkubwa anayetaka wagonjwa wake wawe salama awaambie wadogo mapema kwamba anawaruhusu kumzuia. Hapo heshima haijavunjika. Mkubwa ameitumia kumlinda mgonjwa aliyelala asiyeweza kujisemea.

Mfikirie Msamaria wa Injili ya Luka. Mara nyingi tunahubiri huruma yake njiani, jinsi alivyosafisha majeraha kwa divai na mafuta. Angalia pia alivyoondoka. Alimfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule, na asubuhi akamkabidhi kwa mwenye nyumba: akaacha fedha, akaeleza la kufanya, akaahidi kurudi kuulizia. Hakumtupa mlangoni na kwenda zake. Wauguzi wanaobadilishana zamu wanajua uzito wa saa hiyo. Jambo moja lisilosemwa wakati wa kukabidhiana linaweza kumgharimu mtu uhai.

Msomaji wangu, nawe una sehemu yako. Ukimpeleka mgonjwa, eleza kila dawa aliyotumia, ya dukani na ya porini, bila aibu. Dawa ikiletwa, uliza ni ya nini, na usikie jina la mgonjwa wako likitajwa. Nawa mikono kabla ya kumgusa mtoto mchanga, hata kama ni mjukuu uliyemsubiri kwa miaka. Ukiona jambo haliendi sawa, mwite mhudumu na umwambie kwa upole, usingoje kulalamika msibani. Na mhudumu akikiri kosa mbele yako, jambo linalohitaji ujasiri mkubwa, msikilize hadi mwisho kabla ya hasira kuzungumza.

Kwa ninyi mnaofanya kazi chini ya jina la Atiman, na katika zahanati zote kuanzia Mbizi hadi mwambao wa ziwa: Yoshua bin Sira anatufundisha kwamba tabibu naye humwomba Mungu afanikiwe katika kuwatibu wagonjwa. Mzee wa Karema alikuwa katekista na tabibu kwa pamoja, naye alijifunza kwa miaka mingi kabla ya kutumwa. Ombeni kabla ya zamu. Kisha naweni mikono, someni jina, hesabuni vitambaa, na mwacheni mdogo aseme.

Ee Mungu, uliyemtoa Adrian jangwani ukamfanya mponyaji wa watu wako, uwalinde wagonjwa wetu wote, na uwape wanaowahudumia mikono safi na moyo unaokubali kufundishwa. Amina.

Nakutakia Dominika njema.