Dkt. Alice Hamilton, daktari aliyeonya juu ya moshi wa magari

MINTO, Sydney

Wasomaji wetu wengi, hapa Australia na nyumbani, wanapata riziki kando ya barabara. Wapo askari wa trafiki, makonda, bodaboda, wamachinga na wauza mafuta. Hapa wapo ndugu zetu wanaoongoza magari penye matengenezo ya barabara. Leo tunamkumbuka daktari aliyewatetea watu wa aina hiyo karne moja iliyopita.

Alice Hamilton alizaliwa New York, Marekani, Februari 27, 1869. Alipata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Mwaka 1897 alihamia Hull House, Chicago, nyumba iliyohudumia wahamiaji maskini. Akiishi nao, aligundua kuwa maradhi yao mengi yalitoka kazini.

Mwaka 1910 jimbo la Illinois lilimpa kazi ya kuchunguza magonjwa hayo. Aliingia viwandani mwenyewe, akawafuata wagonjwa majumbani, akaonyesha jinsi vumbi na moshi wa madini ya risasi ulivyowapoozesha wafanyakazi. Mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard, ila alikatazwa kuandamana na wenzake siku ya mahafali.

Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa kiwandani Bayway, New Jersey, walikotengeneza kemikali ya risasi ya kuchanganya na petroli ili injini zisigonge. Mei 1925 serikali iliitisha mkutano Washington. Wenye makampuni walidai kiwanda kikisimamiwa vizuri hatari imekwisha. Hamilton alipinga: kiwanda huweza kusimamiwa, lakini moshi ukishatoka kwenye magari ya nchi nzima hakuna wa kuusimamia.

Hakusikilizwa. Mwaka 1926 kamati ya wataalamu ilisema haioni sababu ya kuipiga marufuku petroli hiyo, nayo ikaenea dunia nzima.

Hamilton alifariki Septemba 22, 1970, akiwa na miaka 101. Miezi mitatu baadaye Marekani ilipata sheria ya usalama kazini. Australia iliacha petroli ya risasi mwaka 2002, Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Kwa miaka yote hiyo risasi iliharibu akili za watoto na kupandisha shinikizo la damu kwa wakubwa.

Risasi imeondoka, moshi umebaki. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Anayeshinda barabarani huuvuta kuliko abiria anayepita.

Hamilton alianza uchunguzi wake kwa kuuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Basi ndugu msomaji, ukienda hospitali na kikohozi kisichoisha, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari kazi yako, na saa unazokaa kwenye moshi kila siku.