Robert Koch: Aliyegundua bakteria wa TB alifika Mwanza, ila kipimo chake kinawakosa wengi wenye VVU

Jina lake lipo kwenye vitabu vya baiolojia, lakini wengi hawajui kwamba daktari huyu Mjerumani aliwahi kukanyaga Mwanza.

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 mjini Clausthal. Alianza kama daktari wa wilaya tu, akimaliza wagonjwa anarudi kwenye hadubini yake kuchunguza kimeta cha mifugo. Machi 24, 1882, akiwa Berlin, alitangaza kwamba kifua kikuu kinaletwa na bakteria. Enzi hizo wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi.

Alimtia bakteria huyo rangi hadi akaonekana, na wenzake wakaiboresha njia hiyo. Mtaalamu wa maabara anayepaka makohozi kwenye kioo na kuyaangalia kwa hadubini leo bado anamfuata Koch.

Mwaka 1890 akateleza. Alitangaza tuberkulini kuwa tiba ya TB, dawa ambayo alijidunga hata yeye mwenyewe akapata homa kali. Wagonjwa walimiminika Berlin. Haikuponya, na baadhi yao walifariki. Baadaye ikabaki kuwa kipimo: unadungwa kwenye ngozi ya mkono, pakivimba inaonyesha mwili umeshakutana na bakteria wa TB.

Alipata Tuzo ya Nobel 1905. Mwaka uliofuata serikali yake ilimtuma Ziwa Victoria kuchunguza malale, yaliyokuwa yakiua maelfu upande wa Uganda. Mwanza hakukuta wagonjwa wengi, akahamia visiwa vya Ssese. Huko aliwatibu watu kwa atoksili, dawa yenye arseniki, na alipopandisha dozi zaidi ya 20 walipofuka. Wanaomsifia Koch huipita haraka sehemu hii, na si haki.

Alifariki Mei 27, 1910. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligundulika Kagera, ng'ambo ya ziwa hilohilo. Hapo udhaifu wa vipimo vyake ukawa suala la kufa na kupona.

Iko hivi: hadubini inahitaji takriban bakteria 10,000 kwenye mililita moja ya makohozi. Kinga ikiwa na nguvu, vita yake na TB hutoboa mapango kwenye mapafu, bakteria hujaa humo na kutoka na kikohozi. Kinga ikishuka sana, mara nyingi mapango hayatokei. Makohozi yanakuwa na bakteria wachache, au hayapo kabisa, na TB inaweza kuhamia kwenye tezi, uti wa mgongo au utando wa ubongo. Hata eksirei inaweza kuonekana safi.

Tuberkulini nayo inategemea kinga ili mkono uvimbe. Kinga ikichoka, hakuna uvimbe. Mgonjwa anaambiwa hana TB, anarudi nayo nyumbani.

Ndiyo maana daktari anaweza kumwanzishia dawa mwenye VVU na dalili za TB hata kama kipimo kimesema hana.

Mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha GeneXpert, mashine inayosoma vinasaba na kuhitaji karibu bakteria 130 tu kwa mililita. Mwaka 2015 likapendekeza kipimo cha mkojo kwa wenye VVU waliozidiwa. Hicho hakihitaji kikohozi, majibu yanatoka ndani ya nusu saa, na tofauti na vya Koch, kinga inavyozidi kushuka ndivyo kinavyoikamata TB vizuri zaidi.