Sayyid Said bin Sultan na Utawala wa Hofu

Ndugu Waislamu, wengi wetu hupita chini ya kuta za ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, wala hatumfikiri aliyeweka askari wake humo. Naye ni Sayyid Said bin Sultan Al-Busaidi, aliyezaliwa Oman mwaka 1791.

Baba yake aliuawa baharini mwaka 1804, na mamlaka yakashikwa na binamu yake, Badr bin Seif, aliyetegemea nguvu za Mawahabi. Mwaka 1806 Said, naye kijana wa miaka kumi na mitano hivi, alimshambulia Badr kwa jambia, na Badr akauawa. Tangu hapo alitawala miaka hamsini. Lakini apataye kiti kwa jambia haachi kuogopa jambia la mwingine.

Watu wa Lamu, walipokwisha kuwashinda Mazrui na Pate katika vita vya Shela, walimwomba ulinzi kwa khiari yao. Mombasa haikumtaka, naye tangu 1828 akaipelekea merikebu na mizinga mara kwa mara. Aliposhika ngome yake mwaka 1837, wakuu wa Mazrui walikuwa wameahidiwa amani. Wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, wakafia kifungoni. Ushindi alikwisha kuupata. Basi khiyana hii ilikuwa ya nini, ila hofu?

Siyu haikutishika. Baina ya 1844 na 1845 jeshi lake lilivunjwa karibu na mji huo, na amiri wake, Hamad bin Ahmad, akauawa.

Tumfanyie insafu. Alikuwa shujaa, na ingawa yeye ni Ibadhi, Masunni aliwaachia makadhi wao. Zamani zake karafuu za Unguja zilistawi, japo kwa jasho la watumwa.

Alifariki baharini mwaka 1856, akirejea Unguja kutoka Oman. Wanawe hawakuwa wamezoea shauri. Thuwaini aligombana na Majid, na mwaka 1859 Barghash akamwasi Majid. Hata mwaka 1861 dola ikagawanywa mapande mawili kwa hukumu ya Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa Bara Hindi. Waliokosa kushauriana wakahukumiwa na mgeni.

Basi kila mwenye amri, awe wa nchi, wa msikiti au wa nyumba yake, ajipime: kishindo chake ni cha nguvu, au ni cha khofu iliyomo moyoni? Mwenyezi Mungu atupe viongozi washauri, na sisi tuwe watu wa kushaurika. Amin.