Fundi wa Nje ya Geti na Tony Mazzocchi

Nje ya geti letu kuna fundi bodaboda aliyenipa swali gumu kuliko la UE: pikipiki za umeme zikijaa mjini, zisizomwagwa oili wala kuchokonolewa kabureta, yeye atakula nini? Nilikosa jibu. Nikaenda kumsoma Tony Mazzocchi.

Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926. Shule aliiacha mapema, akaenda kupigana Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye akaingia kiwandani, akapanda hadi uongozi wa chama cha wafanyakazi wa mafuta, kemikali na atomiki Marekani. Alihangaikia sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970, maana sumu ilikuwa inawamaliza wenzake.

Kasheshe ni kwamba viwanda vilivyowaumiza ndivyo vilivyowalisha. Mtu akiambiwa achague afya au ajira, anawafikiria watoto wake. Mazzocchi aliukataa uchaguzi huo. Alijua askari waliorudi vitani walilipiwa masomo na kupewa posho, kama bumu letu, ila wao hawakudaiwa. Akataka mfuko wa namna hiyo kwa watakaopoteza kazi viwanda vikifungwa kulinda mazingira. Wazo hilo ndilo lililozaa kinachoitwa leo mpito wa haki. Alifariki mwaka 2002 bila kuuona mfuko wenyewe.

Sasa fundi nina la kumwambia. Hewa safi tutaivuta wote, gharama asibebeshwe yeye. Asomeshwe betri na mota, kwa posho, kabla kijiwe hakijakauka. Wanachuo wenzangu mnaoandika tasnifu za nishati safi, fundi huyu yuko ukurasa wa ngapi?