Joginder Singh, Fundi Aliyeitwa Simba wa Kenya

Katika vitabu vya kumbukumbu kama hiki tumezoea kusoma habari za watakatifu na za wafadhili. Safari hii si vibaya tukimkumbuka pia mtu wa gereji. Wazee wetu walitufunza kwamba kazi ifanywayo kwa moyo mnyofu ni ibada, na maisha ya Joginder Singh ni ushahidi wa mafunzo hayo. Hakuwa wa dini yetu, alikuwa Kalasinga. Hata hivyo, bahari iliyowaleta babu zetu kutoka Gujarat ndiyo iliyowaleta wazazi wake kutoka Punjab.

Joginder Singh Bhachu alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, nchini Kenya. Baba yake alikuwa fundi mwenye gereji, na humo ndimo kijana alimojifunza kuitambua injini kwa kuisikiliza tu. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa fundi wao wa kwanza wa kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama. Basi kabla ya kuzishinda barabara hizo, alizijua kwa kuwatumikia wenzake.

Mashindano ya magari ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ya masika, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Asubuhi dereva alimezwa na vumbi, jioni akazama matopeni. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Joginder aliingia katika mashindano hayo kwa mara ya kwanza mwaka 1959.

Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 kuukuu, ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuitumia katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Walilitengeneza wenyewe gari hilo, wakashinda. Kabla ya hapo hakuna Mhindi aliyewahi kushinda Safari.

Ushindi huo haukuwa wa michezo peke yake. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, na wakazi wengi wa asili ya Kihindi walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Muda huo ulikuwa unakaribia kwisha. Nyumba nyingi zilikesha zikijadiliana: tubaki au tuondoke? Majirani nao waliuliza kama sisi ni wenyeji au ni wapita njia. Wakati huo huo, mwana wa Kericho mwenye kilemba alirejea Nairobi akiwa mshindi, na waliomshangilia kandokando ya barabara hawakumwuliza hati zake. Hakutoa hotuba yoyote juu ya jambo hilo. Gari lake lililojaa matope lilitosha.

Mwaka 1974, katika mvua kubwa, alishinda tena akiwa na David Doig katika Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ndogo ya lita 1.6. Aliyemfuata, Björn Waldegård wa Sweden, aliendesha Porsche 911. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda kwa gari la aina ile ile, na magari ya Lancer yakashika nafasi zote tatu za kwanza. Hivyo akawa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Aliitwa Kalasinga Arukaye, na pia Simba wa Kenya.

Siri yake haikuwa mbio tu. Wengi walikuwa wepesi kuliko yeye kwa saa moja au mbili. Yeye alijua ni lini gari lihurumiwe. Katika mashindano 22 ya Safari aliyoshiriki hadi mwaka 1980, alifika mwisho mara 19. Aliaga dunia mjini London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Vijana wetu, na vijana wa majirani wetu wanaosherehekea nasi, wajue kwamba nafasi ya mtu katika nchi haiandikwi kwenye karatasi peke yake. Huandikwa pia kwa kazi ya mikono yake, na majirani ndio waisomao.