Mwalimu Nyerere na Maandalizi ya Uzee

Katika parokia zetu tunakutana na wastaafu wenye afya na kiinua mgongo ambao baada ya miezi michache wamenyong'onyea, kwa kuwa hakuna tena anayebisha hodi kuomba sahihi yao. Tunakutana pia na wazee wenye kipato kidogo ambao uzee umewakuta wakiwa na kazi na furaha. Tofauti hiyo haiko mfukoni bali moyoni. Ndiyo maana tumeona vema kuutafakari uzee wa Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akabatizwa mwaka 1943. Zoezi la kuachia alilianza mapema. Mwaka 1955 aliacha kazi ya kufundisha Pugu kwa ajili ya siasa. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, alimwachia Rashidi Kawawa Uwaziri Mkuu ili akakijenge chama. Kwa hiyo alipomkabidhi Mzee Ali Hassan Mwinyi Urais, tarehe 5 Novemba 1985, akiwa na miaka 63, hakuwa mgeni wa jambo hilo. Hata hivyo, Uenyekiti wa CCM aliushika hadi mwaka 1990, alipoukabidhi hapa Dodoma. Wapo walioona amekawia. Sisi tunajifunza kwamba hata moyo uliozoezwa huachia kwa hatua.

Tena hakungoja kustaafu ndipo atafute la kufanya. Akiwa Rais, wakati wa Operesheni Dodoma, alifyatua matofali pamoja na wanakijiji wa Chamwino. Hivyo jembe la Butiama halikuwa geni mikononi mwake. Katika miaka hiyo hiyo ya madaraka alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Uzeeni kalamu hiyo hiyo ikatunga tenzi za Biblia, zilizochapishwa mwaka 1996. Mwaka huo pia alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kazi aliyoendelea nayo mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwanasaikolojia Erik Erikson alifundisha kwamba kazi kubwa ya uzee ni kuyatazama maisha yote na kuyapokea, pamoja na makosa yake. Anayeshindwa huishia katika kukata tamaa. Mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, Mwalimu alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Kukiri huko hakukufuta kila jeraha. Hapa Ugogoni zilikuwapo familia zilizohamishiwa vijijini bila hiari yao. Lakini mzee anayeweza kutaja kosa lake hana haja ya kutumia siku zilizobaki kujitetea.

Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka 77, akazikwa Butiama. Urais ulikuwa umekwisha miaka 14 kabla, ila jina la Mwalimu, alilolipata kabla ya cheo chochote, lilibaki naye.

Mji wetu sasa umejaa watumishi wa umma wanaoikaribia miaka 60. Tujiulize mapema: siku cheo kitakapoondoka, tutabaki na jina gani? Tumwombe Mungu atujalie kuanza kuachia tungali na nguvu.