Benson Masya: Bondia wa Kitui Aliyetawala Barabara za Ng'ambo

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akishaipita Mtito Andei huwa yumo katika nchi ya Makueni. Hupita Kibwezi, Makindu na Emali, kisha hufika Sultan Hamud, mji uliochukua jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyefika hapo wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Upande wake wa kulia, mbali na reli na barabara kuu, iko Kitui. Hiyo ndiyo Ukambani, nchi ya mvua haba na jua kali.

Watu wa nchi hiyo si wageni kwetu sisi wa pwani. Kabla ya gari moshi, misafara yao ilikuwa ikishuka kwa miguu hadi Mombasa na pembe za ndovu, na mkubwa mmoja wa misafara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, aliyeuawa mwaka 1851. Basi wazee wetu walimjua Mkamba kwa miguu yake tangu zamani. Lakini marehemu tunayemtaja leo, ambaye pia alitoka Kitui, alikwenda kwa miguu kwa namna nyingine, na bidhaa aliyoichukua sokoni ilikuwa miguu yenyewe.

Benson Masya alizaliwa Kitui tarehe 14 Mei 1970. Hakuanza na mbio, alianza na ndondi. Katika Kenya ya siku zile jambo hili halikuwa la ajabu, kwani mabondia wetu walikuwa na heshima kubwa, na mwaka 1988 kule Seoul Robert Wangila alileta nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Kijana mwenye nguvu na pumzi aliweza kuota ndoto ya glavu kama vile alivyoota ndoto ya viatu vya kukimbilia. Masya aliziacha glavu akaichagua barabara, na katika hilo hakukosea.

Wala hakuwa Mkamba wa kwanza kuishika njia hiyo. Joseph Nzau alishinda marathoni ya Chicago mwaka 1983. Mike Musyoki alipata nishani ya shaba ya mita 10,000 kule Los Angeles mwaka 1984, na mwaka 1986 akakimbia nusu marathoni kwa dakika 60 na sekunde 43, muda ambao hakuna mtu duniani aliyekuwa ameufikia. Muda huo aliuweka Kaskazini ya Uingereza, katika mbio ziitwazo Great North Run, na ni katika mbio hizo hizo ndipo Masya alipokuja kujipatia jina.

Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1981 na Brendan Foster, mkimbiaji wa zamani wa Uingereza. Huanzia mjini Newcastle, zikavuka daraja la mto Tyne, zikaenda kuishia South Shields, ufuoni mwa bahari. Masafa yake ni kilomita 21 na mita 97 hivi, takriban mwendo wa kutoka Mombasa mjini hadi Mazeras. Huko South Shields kuna jamaa zetu katika dini wa siku nyingi, mabaharia wa Kiyemeni waliotia nanga tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa wakaoa na kujenga. Na ni katika msikiti wao wa Al-Azhar ndipo bondia Muhammad Ali alipokwenda mwaka 1977 ndoa yake iombewe baraka. Kwa hiyo mji ule ulikwisha kuzoea kuwaona mabingwa kutoka mbali.

Masya alifika huko mwaka 1991, kijana wa miaka 21, akashinda. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo akavuka bahari nyingine kwenda Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, akashinda na huko. Safari hii ilikuwa marathoni kamili ya kilomita 42 na ushei. Mbio za Honolulu huanza alfajiri kungali giza, ili watu walikimbie jua, kwa sababu kisiwa kile kina joto la bahari lenye unyevunyevu ambalo mtu wa Kilindini hahitaji kuelezwa. Aliyeifungua njia hiyo kwa Wakenya ni Ibrahim Hussein wa Kapsabet, Mwislamu ambaye alishinda Honolulu mara tatu mfululizo, 1985, 1986 na 1987, kisha akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston, mwaka 1988. Masya naye alikuja kutimiza mara tatu huko Honolulu: 1991, 1992 na 1994.

Lakini siku yake kubwa ilikuwa Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1992. Kwa mara ya kwanza Shirikisho la Riadha Duniani liliandaa mashindano ya dunia ya nusu marathoni, na barabara iliyochaguliwa ni ile ile ya Newcastle hadi South Shields. Masya alimaliza kwa saa moja na sekunde 24, yaani kila kilomita aliikata kwa muda usiotimia dakika 3. Nyuma yake alikuja Antonio Silio wa Ajentina, na wa tatu akawa jirani yetu Boay Akonay wa Tanzania. Kenya ikachukua na dhahabu ya timu. Kwa hiyo bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa masafa hayo alikuwa kijana wa Kitui, na katika watatu waliosimama kupewa nishani, wawili walitoka Afrika Mashariki.

Mwaka 1994 alirudi Newcastle akashinda kwa saa moja na sekunde 2. Wakati huo ni Moses Tanui peke yake aliyekuwa ameshuka chini ya saa moja, kule Milan mwaka 1993. Fikiri, msomaji, sekunde 2 ni kitu gani. Ni kupepesa macho mara mbili tatu. Mwaka 1996 Masya akashinda tena, mara ya nne. Katika upande wa wanaume hakuna aliyeipita hesabu hiyo hadi mwaka 2018, alipoipita Mo Farah, Mwislamu mzaliwa wa Somalia aliyepelekwa Uingereza akiwa mtoto. Jina la Masya lilikaa juu ya orodha ile kwa miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kuondoka duniani.

Hata hivyo hakuwahi kukimbia katika Olimpiki. Kenya ya miaka ile ilikuwa na wakimbiaji wengi hata nafasi tatu za timu zikawa haba, na nusu marathoni haimo katika michezo ya Olimpiki. Labda ndiyo sababu wengi wetu hatulikumbuki jina lake kama tunavyoyakumbuka ya wengine. Nchi hukumbuka nishani za Olimpiki. Mshindi wa barabara hukumbukwa na watu wa mji alioshindia.

Sasa tuitazame hesabu ya miaka yake. Ushindi wake wa kwanza Newcastle aliupata akiwa na miaka 21, na wa mwisho akiwa na miaka 26. Ni miaka mitano. Katika kazi nyingine, mtu wa miaka 26 ndiyo kwanza anaanza kujua alipo. Seremala hajaijua vizuri randa yake, nahodha bado anashika usukani chini ya macho ya mkubwa wake. Kwa mkimbiaji wa barabara, kumbe msimu umeanza kupita.

Sababu yake haifichiki. Katika kilomita 21 mguu hupiga lami zaidi ya mara elfu kumi, na kila pigo ni zito mara mbili au tatu kuliko mwili wenyewe. Hayo ni ya mashindano. Hatujahesabu mazoezi ya asubuhi na jioni, wiki hata wiki. Goti huchoka, kano ya kisigino hukaza, nyonga huuma. Patrick Makau wa Machakos alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, rekodi ya dunia wakati huo. Mwaka 2018 akatangaza kustaafu kwa ajili ya maradhi ya goti. Mo Farah alidumu zaidi, akaaga mwaka 2023 katika mbio hizo hizo za Newcastle, ana miaka 40. Wanaofika umri huo wakingali mashindanoni ni wachache mno.

Na sisi pwani tunayajua haya bila kufundishwa. Katika kila mtaa yuko mchezaji wa kandanda ambaye watoto walimfuata nyuma, kisha goti likapinduka Jumamosi moja, na leo hakuna amuulizaye hali. Ushindi huwa wa mji mzima, lakini jeraha huwa la mtu na nyumba yake. Mwajiriwa ana malipo ya uzeeni. Mwenye kuuza miguu yake hana ila alichokiweka akiba wakati miguu ilipokuwa mizima, na wakati huo yeye ni kijana, fedha inaingia kwa mkupuo, na marafiki ni wengi.

Benson Masya hakuuona hata huo utu uzima wa kukaa barazani akahadithia. Aliugua, akafariki tarehe 24 Septemba 2003, ana miaka 33. Ilikuwa miaka kumi na moja na siku nne tangu ile Jumapili ya South Shields.

Mwaka alioutwaa ubingwa wa dunia ndio mwaka ambao Makueni ilikatwa kutoka Machakos ikawa wilaya yenyewe. Wilaya hizo leo ni kaunti, barabara mpya zimepita, na kutoka Kibwezi mtu sasa hupanda hadi Kitui juu ya lami. Vijana wa huko wangali wanakimbia. Wanastahili kuambiwa habari za Masya zote mbili: kwamba mtoto wa nchi kavu, aliyeanza na glavu mikononi, aliwatangulia walimwengu wote katika barabara ya ugenini, na kwamba msimu wa mavuno katika kazi hiyo ni mfupi kuliko mvua za Ukambani. Anayelijua hilo mapema huvuna, akaweka ghalani. Na sisi tunaopiga makofi kando ya njia tuna deni letu pia, nalo ni kumuulizia bingwa hali yake siku ambayo hakimbii tena.